Dina ya Dar na wakwe kutoka Moro: uende wapi kwa laki tatu?

Kuna kaka mmoja wa Morogoro kaniuliza hivi, nalifupisha swali lake: mwezi wa nane anatimiza miaka kumi ya ndoa, anataka kumpeleka mkewe Dar wakale sehemu ya maana Jumamosi jioni, na safari hii wanawachukua na wazazi wa mke, jumla watu wanne. Mke ni Mluguru na anapenda sana samaki. Mama mkwe ni Mwislamu wa kushika dini na magoti yanamsumbua. Baba mkwe hana neno, anakula chochote. Bajeti laki tatu ya chakula, nauli na kulala viko pembeni. Kashaangalia picha Instagram mpaka kichwa kinamuuma, kila sehemu inaonekana nzuri, achague ipi.

Kaka, kwanza hongera, miaka kumi sio mchezo. Mi nimebeba sinia miaka sita na nikasimamia ukumbi miaka mingine minane, Masaki na mjini, kwa hiyo nitakujibu kama mtu wa ndani maana mteja anaona taa na bahari, sisi tunaona watu wanavyokuja na furaha halafu saa tatu usiku wamenuna, na mara nyingi tatizo sio chakula.

Unavyotafuta ndo umekosea kidogo. Unaanza na picha. Anza na mama mkwe. Kwenye meza yoyote kuna mtu mmoja mwenye masharti mengi kuliko wenzake, huyo ndo anachagua mgahawa hata kama hajui kama anachagua, kwa sababu wengine watatu watafurahi popote ila yeye asipokula basi hakuna aliyekula. Mkeo atakuwa anamwangalia mama yake tu usiku mzima, mama mbona hujala, mama nikuagizie kingine, na we hapo ndo sherehe yako imeisha.

Sasa bahati yako ni kwamba mkeo anapenda samaki na samaki hana habari za kuchinjwa, yaani suala gumu la mama limeshajibiwa nusu. Nusu tu lakini, na hapa wengi ndo wanapoteleza. Sehemu nyingi za Masaki na Oysterbay zinauza pombe na baadhi zinauza kitimoto, yaani nguruwe, na jikoni unakuta jiko la kuchomea ni moja, samaki anapita palepale ilipopita nyama nyingine, mafuta ya kukaangia hayohayo. Halafu kuna sosi. Sosi nyeupe za samaki kwenye hoteli kubwa mara nyingi zinapikwa na divai, menyu haisemi, weita mgeni hajui, na shefu hawezi kukuambia kama hujamuuliza. Kwa hiyo ukipiga simu usiulize "chakula chenu ni halali?" maana utajibiwa ndiyo, kila mtu anajibu ndiyo. Uliza hivi: nyama ya nguruwe mnapika? Kama mnapika, jiko la kuchomea na mafuta ni tofauti? Sosi ya samaki ina divai? Ukisikia mtu anasita au anakuambia subiri nimuulize shefu, huyo ni mtu mzuri, subiri. Anayejibu harakaharaka ndiyo ndiyo ndiyo, mi simwamini.

Kuhusu magoti. Nitakusimulia langu. Mwaka fulani niliwapeleka wazazi wangu sehemu moja nzuri tu hapa mjini, juu ghorofani, mandhari ya kufa mtu, mi mwenyewe wa fani nikajiona nimepatia. Tumefika lifti haifanyi kazi. Ngazi ghorofa nne. Mama kapanda, hakusema kitu, amefika juu akakaa kwenye lile sofa la chini lenye mito, unajua yale ya kupigia picha, magoti yako usawa wa kifua, na sahani iko kwenye kimeza kifupi kama stuli. Hakula. Alikunywa soda akasema ameshiba. Kosa langu, simu moja tu sikupiga. Kwa hiyo uliza: meza iko chini au juu, kama juu lifti inafanya kazi leo (sema leo, sio "mnayo lifti"), viti vina mgongo na urefu wa kawaida, na choo kiko mbali kiasi gani, kina ngazi? Choo usione aibu kuulizia, mtu mzima ataenda mara mbili na vyoo vingine viko nyuma huko unashuka ngazi gizani.

Na mwanga. Hizi sehemu za kimahaba wanazima taa mpaka unatafuta mdomo, menyu imeandikwa kwa herufi za sisimizi. Wazazi hawatasema hawaoni, watasema "niletee kama cha mwanangu". Suluhisho ni uombe menyu kwa WhatsApp siku mbili kabla, mkae nyumbani na mkeo, mumpigie mama mumuulize, mkifika pale oda mnayo kichwani tayari. Hii inasaidia na bei, nakuja huko.

Sasa sehemu zenyewe. Nitataja chache ninazoona zinahusiana na hali yako, sio kwamba ndo bora Dar nzima. Na hii biashara inabadilika, shefu anahama, menyu inabadilika, mahali panafungwa kwa ukarabati, kwa hiyo simu ni lazima.

Karambezi pale Sea Cliff, ncha ya Masaki, kila mtu atakutajia na ni kweli pamekaa vizuri, uko juu ya mwamba bahari iko chini yako mawimbi unayasikia. Kwa wewe na mkeo wawili tu ningesema nenda ufunge mjadala. Ila mwezi wa nane ni kusi, upepo ule jioni haucheki na mtu, na wazee wa Moro wakikaa ukingoni pale saa moja usiku watakuomba shuka. Ukienda omba meza ya ndani kidogo, sio ya ukingoni, hata kama ya ukingoni ndo nzuri kwa picha. Pigeni picha kwanza halafu mrudi ndani.

Slipway. Hapa ndo moyo wangu ulipo kwa safari yako. Iko upande wa pili wa rasi ya Msasani, upande wa magharibi, inaangalia ghuba sio bahari kuu, kwa hiyo mambo mawili: rasi yenyewe inakukinga kidogo na ule upepo wa kusi, na jua linazama mbele yenu juu ya maji, kitu ambacho Dar ni nadra maana mji wetu umeelekea mashariki na jua huwa linazama nyuma ya nyumba za watu. Mwezi wa nane jua linazama saa 12 na dakika kama 20 hivi, mkikaa saa 11 na nusu mtaliona lote. Pale chini ni tambarare, gari linakushusha karibu, kuna sehemu kadhaa za kula, kuna boti za kwenda kisiwa cha Bongoyo zinatia gati hapohapo, wazee wana kitu cha kuangalia na cha kusemea, na hiyo usiidharau, mkwe na mkwe wakikosa cha kuongea dakika arobaini chakula hakijaja ni adhabu. Pombe zinauzwa, hilo mwambie mama mapema asishtukie chupa meza ya jirani, na uombe meza ya pembeni mbali na kaunta.

Kama mama atasema hakai sehemu inayouzwa pombe, basi bahari utaisahau kidogo, ila kuna migahawa ya Waislamu na ya Wahindi Upanga na Kisutu ambako hilo swali halipo kabisa. Mamboz ile ya kona ya Morogoro Road na Libya Street kwa mfano, yaani unatoka Moro unaifuata barabara yenu mpaka inakuleta kwenye kuku wa kuchoma. Chakula kitamu sana, bei rafiki, laki tatu hutaimaliza. Ila ni pembeni ya barabara, makelele, moshi, watu wanapishana, ni mlo mtamu lakini sio "dina ya miaka kumi", unanielewa. Labda mle pale Ijumaa usiku mkifika, Jumamosi ndo iwe siku yenyewe.

Kule juu Hyatt, hoteli ya Kilimanjaro ile ya tangu 1965, kuna ukumbi ghorofa ya nane unaona bandari na meli zote. Pazuri, lifti ipo, baba mkwe atasimulia mpaka uzeeni. Lakini kwa laki tatu watu wanne mtakuwa mnahesabu kila glasi, na kwenye sherehe kuhesabu glasi kunaonekana usoni. Pelekeni wazee wakanywe juisi na kuona taa, mkale kwingine.

Na kuna mtu atakushauri Addis in Dar, chakula cha Kihabeshi. Mi napapenda mno, nikiwa nalipa mwenyewe ndo ninapoenda. Ila pale mnakula sinia moja, mikono minne kwenye injera moja, ule mkate wao mpana, na hapa inabidi nikuulize kitu ambacho Instagram haitakuuliza: wewe na mama mkwe wako mnakula sahani moja? Au hata meza moja? Kwa makabila mengi ya kwetu mkwe wa kiume hali mbele ya mama mkwe, na hata wale walioacha hayo, mama wa rika lake bado anaona aibu kutafuna huku mkwe anamwangalia usoni. Umesema mkeo ni Mluguru, ukoo kule unafuata mama, kwa hiyo mama mkwe sio mgeni wa pembeni kwenye hii sherehe, ni mgeni rasmi. Kwa hiyo usimweke akutazame. Meza ya watu wanne wengi wanakaa wawili wawili wanatazamana, mke na mume upande huu, wazee upande ule, na we unajikuta uso kwa uso na mama. Panga mama akae upande mmoja na wewe, mkeo katikati yenu, mtazame maji wote, na baba akae ubavuni. Inahitaji meza ya watu sita, sio nne. Omba meza ya sita. Watakuambia Jumamosi haiwezekani, waambie mtafika saa 11 na nusu na mtatoka kabla ya saa mbili na nusu, utaona inawezekana, maana meza hiyo wataiuza mara ya pili.

Hilo la muda ni siri kubwa ya hii kazi. Jumamosi jiko linapigwa kuanzia saa mbili mpaka saa tatu na nusu usiku. Oda zinaingia kama mvua, samaki aliyetakiwa dakika 20 anatoka dakika 55, weita mmoja ana meza nane. Wewe ukiagiza saa 12 jioni shefu ametoka kupumzika, samaki ni wa leo, jiko la mkaa ndo limekolea, weita anakuchekea kutoka moyoni. Tena muziki wa laivu wikiendi mara nyingi unaanza usiku umeshaingia, wazee wanaondoka kabla spika hazijaanza kuwapigia kelele. Na simu ya kubuku piga kati ya saa 9 na saa 11 alasiri, chakula cha mchana kimeisha cha usiku hakijaanza, ndo muda meneja amekaa ana kalamu mkononi. Ukipiga saa mbili usiku atapokea mtu amebeba sahani, atakuambia sawa sawa njooni, na hajaandika popote. Buku wiki moja kabla, halafu tuma ujumbe wa kukumbusha Ijumaa. Wakiomba advansi sio ubaya, ila uliza kama inakatwa kwenye bili na usipofika inarudi au hairudi.

Hela. Laki tatu kwa wanne ni elfu 75 kila mtu. Kwa aina ya sehemu ninazokutajia piga hesabu ya juujuu hivi: mlo mkuu weka wastani elfu 40, mara nne ni 160,000. Vya kuanzia viwili mgawane, 40,000. Juisi nne, 40,000. Maji chupa kubwa mbili, 10,000. Vitamu viwili vya kugawana, 30,000. Jumla 280,000, unapumua. Sasa kama bei za menyu hazina VAT ndani, ongeza asilimia 18, umefika 330,400 na hujampa weita kitu. Umeona ilivyogeuka? Kwa hiyo swali la simu: bei zenu ni pamoja na VAT na sevisi chaji, au zinaongezwa mwishoni? Na kama bado kuna mtu anakutajia bei kwa dola, tangu 2025 kuna kanuni zinazokataza bei za ndani ya nchi kutajwa kwa fedha za kigeni, mwambie tu nipe kwa shilingi.

Mtego mwingine ni pale kwenye kambakochi na kamba wakubwa ambapo bei haipo, imeandikwa "bei ya soko" au bei kwa kilo. Mkeo atapenda, na ni haki yake, miaka kumi. Ila kabla hajapelekwa jikoni mwambie weita amlete, ampime mbele yenu au akutajie uzito, na akuambie jumla ni shilingi ngapi kwa mdomo wake. Hii sio ushamba, matajiri ndo wanaouliza zaidi, nimewaona. Vinginevyo agizeni samaki mzima mkubwa mmoja wa kuchoma, changu au kolekole, mgawane watatu, mara nyingi inatoka nafuu kuliko sahani tatu za minofu na unaona mwenyewe macho yake kama ni mpya: jicho limetuna na linang'aa, sio limezama na ukungu. Pweza mwagize kama cha kuanzia ila uliza kama amechemshwa kwanza akalainika, wazee na meno, unajua tena.

Na ugali. Baba mkwe hana neno, sawa, lakini samaki akifika na viazi vilivyopondwa kiasi cha kijiko kimoja na majani matatu juu, nakuhakikishia ataangalia sahani halafu atakuangalia wewe. Jiko lolote la Dar linaweza kusonga ugali hata kama menyu haina, wafanyakazi wenyewe wanakula ugali huko nyuma kila siku. Sema kwenye simu mapema, ugali wa watu wawili na mboga za majani.

Instagram kama lazima uiangalie, angalia picha walizopiga wateja sio ukurasa wa mgahawa, na zile za usiku. Wale wanaosifia sana wengine wamelishwa bure, mi nimewalisha wengi. Kwenye ramani za Google usisome nyota tano wala moja. Soma za tatu, za miezi mitatu ya karibuni. Mwenye nyota tano kaja na mchumba, mwenye moja kagombana na mtu, wa tatu ndo anakuambia samaki mtamu ila tulisubiri saa zima na feni haifanyi kazi.

Usafiri kwa kifupi. Njooni na treni ya SGR, tangu ilipoanza kubeba abiria 2024 sioni sababu ya kuwakalisha wazee kwenye basi na foleni ya Kimara, ni chini ya saa mbili hivi mko mjini. Mchana walale kidogo. Kwenda Msasani chukueni gari la Bolt mpite daraja la Tanzanite, wazee waone bahari pande zote, na mtoke saa 10 na nusu, sio saa 11 na nusu, Jumamosi ya Dar haina adabu. Msipange kurudi Moro usiku uleule, mtakula mnaangalia saa.

Keki mkija nayo uliza kwanza, wengine wanatoza hela ya kukata keki na sahani. Na waambie wasije na ngoma na makofi ya kuimba mezani kama mama sio mtu wa hayo, kuna wazee wanafurahi na kuna wengine wanatamani ardhi ipasuke.

Bili usiruhusu iletwe mezani. Ukifika, kabla hujakaa, mfuate hedi weita kaunta, mwambie bili ni yako, utakuja kulipa hapa mwenyewe, asiiweke mezani hata baba akiiomba, maana ataiomba, na akiiona ile jumla mama atakumbuka bei ya gunia la mpunga na usiku wote utaharibika. Uwe na kadi na hela ya simu pia, mashine ya kadi hupenda kukata mtandao Jumamosi. Kagua bili mstari kwa mstari palepale kaunta, omba risiti ya EFD, na weita aliyewahudumia vizuri mpe mkononi mwake mwenyewe, elfu kumi, kumi na tano, ukiiacha mezani hujui inaenda kwa nani.

Kwa hiyo mi kama ni wewe: Slipway, Jumamosi, saa 11 na nusu, meza ya sita ya pembeni, chini, viti vya mgongo, samaki mzima na ugali, na Karambezi iwe akiba wakikosa nafasi. Ila kabla hujapiga simu yoyote, leo usiku muulize mkeo kimyakimya mama anataka kukaa wapi, na kama yuko tayari kula ukiwepo. Akisema hapana, usilazimishe, buku meza mbili zinazopakana, wewe na baba huku, wao kule, na keki mtakutana katikati.